Zombi na giza lake: historia fupi ya magemu yanayotisha

Kabla zombi hajafika Hollywood alikuwa Mwafrika. Wataalamu wa lugha hulifuatilia neno hilo hadi upande wa Kongo na Angola, na neno nzambi la Kikongo ndilo linalotajwa mara nyingi. (Kikongo ni Kibantu kama Kiswahili chetu, kwa hiyo ni binamu.) Lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani, likafika Haiti, na huko likapata maana mpya. Zombi wa Haiti hali mtu. Ni maiti aliyeinuliwa na mganga ili alime shamba bila mshahara, bila usingizi, bila mwisho. Kwa mtu aliyekuwa mtumwa katika mashamba ya miwa, kifo kilikuwa njia ya uhakika ya kutoka kazini. Sasa fikiria unaambiwa kwamba hata njia hiyo inaweza kufungwa. Hilo ni giza nene, na halina tone moja la damu.

Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na hapo ndipo Wamarekani walipolichukua neno. Mwandishi William Seabrook aliwapelekea habari za zombi katika kitabu chake The Magic Island cha 1929, na mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie, Bela Lugosi akiwa mwovu mkuu. Filamu hiyo bado ilikumbuka kazi: kuna kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na wafu. Baada ya hapo kumbukumbu ikapotea kidogo kidogo.

Kwa nini nawasumbua na haya yote katika blogu ya mambo ya programu? Kwa sababu mimi na wenzangu wawili, jioni baada ya kazi za mshahara, tunaunda gemu ndogo ya zombi ambayo hadithi yake inatokea katika mtaa mmoja wa Nairobi, na tumekwama. Msimbo unaenda sawa. Tuliyoshindwa kuelewana ni sura ya tatu: mtoto wa jirani ameumwa, na babake anabisha mlangoni kwako usiku akiomba umsaidie kufanya jambo ambalo mikono yake imekataa. Mmoja wetu anasema sura hiyo ndiyo roho ya gemu. Mwingine anasema hakuna Mkenya atakayetumia bando lake kupakua huzuni. Nami nikaenda kutazama wenzetu waliotutangulia walifika wapi na giza, na walirudi wapi.

Mzee wa ukoo ni George Romero. Mwaka 1968 alitengeneza Night of the Living Dead karibu na Pittsburgh kwa fedha kidogo sana, na ndani yake hakuna anayetamka neno zombi hata mara moja. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu alisahau kurudisha tangazo la hakimiliki, basi ikawa mali ya umma, kila mtu akaiiga bure. (Wanaotetea programu huria wana hoja nzuri hapo.) Shujaa ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi. Anapambana usiku kucha, wenzake wanakufa mmoja mmoja, mtoto wa kike anamuua mamake. Kunapambazuka, Ben peke yake yu hai, anachungulia dirishani, na kikosi cha raia wenye bunduki kinampiga risasi kikidhani ni mmoja wa wafu. Mwisho. Martin Luther King aliuawa mwaka huohuo. Hakuna mtazamaji wa Marekani aliyehitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Basi ungedhani Romero angezidi kwenda chini. La! Filamu yake iliyofuata ya zombi, Dawn of the Dead ya 1978, iliandikwa imalizike kwa wahusika wawili wa mwisho kujiua, na hata kichwa cha bandia cha mwigizaji Gaylen Ross kilikuwa kimeandaliwa. Romero akabadili nia, akawaacha waondoke kwa helikopta yenye mafuta machache. Kichwa kile hakikutupwa, kilitumika katika tukio lingine mwanzoni mwa filamu. Mimi napenda sana habari hiyo. Mtu aliyemuua Ben bila huruma ndiye huyohuyo aliyeona kwamba mara hii wawili hawa waachwe, na sioni kama filamu ilipungukiwa na kitu.

Sasa tuje kwenye magemu. Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil mwaka 1996 kwenye PlayStation, chini ya Shinji Mikami. Mazungumzo ya wahusika yalikuwa ya kuchekesha hadi leo, lakini giza halikukaa kwenye mazungumzo. Lilikaa kwenye hesabu. Risasi ni namba kamili, nayo ni ndogo. Hata kuhifadhi ulipofikia kulihitaji utepe wa wino wa taipureta, nazo tepe zilihesabika. Kila ukivuta kitufe unatoa mtaji. Kisha kuna shajara ya mtunza mbwa unayoikuta chumbani: mwanzoni anaandika kama mtu yeyote, analalamikia wenzake wa kamari, halafu ngozi inamwasha, sentensi zinafupika, sarufi inaanguka, mpaka ukurasa wa mwisho unabaki na maneno mawili tu. Ni faili la maandishi, kilobaiti chache. Hakuna picha ya 1996 iliyotisha kama faili lile.

Mwaka uliofuata ulitufundisha jambo tofauti kabisa. Gemu ya magari iitwayo Carmageddon, iliyotengenezwa na Stainless ya Uingereza, ilimpa mchezaji alama kwa kuwagonga wapita njia. Bodi ya Uingereza inayopanga filamu madaraja ikaikataa. Watengenezaji wakafanya nini? Wakawageuza wapita njia kuwa mazombi wenye damu ya kijani, na gemu ikapita! Ujerumani ilipata roboti badala yake. Baadaye rufaa ilishinda na toleo la damu nyekundu likaruhusiwa, lakini angalia kilichobadilika katika msimbo: rangi na sura. Fizikia ya gari ni ileile, umbo linaruka vilevile, alama ni zilezile. Zombi alikuwa kibali. Ni mtu ambaye tumeshakubaliana kwamba si mtu tena, kwa hiyo mpige utakavyo.

Tangu siku hiyo nikisikia gemu fulani ya zombi inasifiwa kuwa na giza, huuliza kwanza kama imekikagua kibali hicho au imekitumia tu.

Valve walikikagua kimyakimya. Katika Half-Life 2 ya 2004, mazombi ni watu walioshikwa kichwani na mdudu, na wakiungua moto hutoa mlio wa ajabu usioeleweka. Wachezaji wakalichukua faili la sauti wakaligeuza nyuma mbele, kumbe ni mtu anamwomba Mungu amsaidie. Valve haikuweka maelezo popote ndani ya gemu. Unaweza kuimaliza usijue. Ukijua, silaha ile huitumii kwa moyo uleule.

Na ni Valve haohao waliotoa Left 4 Dead mwaka 2008, ambayo ina somo kwa sisi tunaoandika programu. Ndani yake kuna mfumo unaoitwa Director, yaani mwongozaji. Unampimia kila mchezaji kiwango cha msukosuko: akiumizwa kinapanda, akitulia kinashuka taratibu. Kikifika kileleni, mfumo unaacha kuleta makundi ya mazombi kwa muda mfupi, chini ya dakika moja, ili watu wapumue. Mara nyingi waandishi wa hadithi husahau kanuni hiyo ambayo wahandisi waliitia kwenye algorithi. Huzuni ikifuatana na huzuni bila pengo, mchezaji hufa ganzi, na aliyekufa ganzi humwezi tena.

Machi 2009 ikatoka Resident Evil 5, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hii inatuhusu.

Trela yake ya 2007 ilimwonyesha Mzungu, Chris Redfield, akiwapiga risasi wanakijiji weusi katika eneo la kubuniwa la Afrika Magharibi liitwalo Kijuju. N'Gai Croal, mwandishi wa Newsweek, alieleza mwaka 2008 kilichomkera: watu wale walionekana wa kutisha hata kabla ya kuambukizwa chochote. Capcom walikuwa na majibu yao, mtayarishaji Jun Takeuchi alitaja filamu ya Black Hawk Down kama iliyowapa mwelekeo, na bodi ya Uingereza ilisema haioni ubaguzi. Gemu iliuza sana.

Lakini makala nyingi za Kiingereza zilipita haraka juu ya jambo moja ambalo msikilizaji wa Mombasa au Kisumu hawezi kulipita. Wale watu wanaongea Kiswahili. Afrika Magharibi! Na jina lao ni Majini, ambalo gemu inaeleza kuwa ni pepo wabaya kwa Kiswahili. (Mmoja wao pia huitwa Majini, wingi usio na umoja. Hata kamusi ndogo ingewasaidia.) Nilipoicheza mara ya kwanza, wenzangu wa kigeni mtandaoni walisikia mngurumo wa mazimwi. Mimi nilikuwa nasikia maneno. Kwao sauti ile ilikuwa sehemu ya kibali, kwamba wasioeleweka si watu. Kwangu kibali hakikufanya kazi, nikawa kila mara nachelewa nusu sekunde kufyatua, na nusu sekunde katika gemu ile ni nyingi.

Cha kushangaza, gemu hiyohiyo ina kurasa chache bora sana. Kwenye maeneo ya majimaji unaokota shajara ya kijana wa kijiji. Anasimulia jinsi watu wa kampuni ya mafuta walivyokuja na sindano wakisema ni chanjo, na jinsi jirani zake walivyoanza kubadilika. Ni mrithi wa mtunza mbwa wa 1996. Lau ingekuwa juu yangu, gemu nzima ingejengwa juu ya shajara ile. Walioitengeneza wameificha pembeni, ukitaka soma, ukitaka pita.

Kuna giza la matangazo pia, nalo nalitaja upesi. Trela ya Dead Island ya Februari 2011 ilicheza kinyumenyume: binti mdogo anaanguka kutoka dirisha la hoteli, tunarudishwa nyuma hadi dakika familia yake ikiwa likizoni na furaha. Watu walilia mbele ya skrini, trela ikapata tuzo Cannes Lions. Gemu yenyewe ilipofika Septemba, ilikuwa ya kukata mikono kwa mapanga chini ya jua la ufukweni, na familia ile haikuwa hadithi yake. Mwaka 2013 wachapishaji hao walitangaza toleo maalum la mwendelezo likiwa na sanamu ya kiwiliwili cha mwanamke kilichokatwakatwa, kikiwa na bikini. Walilazimika kuomba radhi siku ileile. Huo si ujasiri wa simulizi, ni bucha.

Gemu iliyolijibu swali letu moja kwa moja ni The Walking Dead ya Telltale, iliyotoka kwa vipande vitano kati ya Aprili na Novemba 2012. Imetokana na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman. Wewe ni Lee, mwalimu wa historia wa chuo kikuu aliyekuwa njiani kwenda gerezani kwa kuua, na unamlea msichana mdogo, Clementine, ambaye si wako. Katika kipande cha tatu mvulana anayeitwa Duck anaumwa. Baba yake ni Kenny, mama yake Katjaa. Mama anajitoa uhai kwa kushindwa kulibeba. Kisha mtu anapaswa kubaki na mtoto, na gemu inakuuliza: ni Kenny au ni wewe?

Mnaona sasa kwa nini sura yetu ya tatu ilinikosesha usingizi. Wametutangulia kwa miaka mingi, na wamefanya vizuri.

Nikaicheza upya nikiwa na daftari, nikiitazama kama fundi. Kwanza, kamera inageuka. Unasikia, huoni. Pili, wamekupa vipande viwili na nusu vya kumzoea Duck, naye ni mtoto msumbufu kama watoto wa kweli, hasa akijifanya msaidizi wako wa upelelezi. Tatu, na hili ndilo la muhimu kwa msanidi, uamuzi wako haubadilishi mkondo. Matawi ya Telltale karibu yote hurudi kwenye shina. Ulimwokoa Carley badala ya Doug mwanzoni? Mwokolewa wako atakufa hata hivyo baadaye. Watu wamelalamika sana kwamba huo ni ulaghai. Mimi naona ni bajeti, maana kila tawi linalobaki wazi linaongeza gharama maradufu, lakini pia naona kwamba kilichohifadhiwa na gemu si dunia bali ni wewe. Kila kipande kikiisha unaonyeshwa asilimia ya wachezaji waliochagua kama wewe. Hakuna alama, hakuna kosa. Na mwisho wake, Lee akiwa ameumwa, kazi ya mwisho unayoifanya kwa kidhibiti ni kumwelekeza Clementine jinsi ya kutoka, na kuamua kama akumalize au akuache. Telltale ilifuta kazi za wengi Septemba 2018, hadithi ya Clementine ikamaliziwa na Skybound, kampuni ya Kirkman.

Mwenzetu anayepinga sura ya tatu alinijibu jambo ambalo hakuna gemu ya Marekani inayolijibu. Alisema: wao wanaandika juu ya majirani kugeukana wakiwa wanawaza tu, sisi tunakumbuka. Hakutaja mwaka, wala hakuhitaji. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Mtu kubisha mlangoni usiku, kwa baadhi ya wale tunaotaka wacheze gemu yetu, si kionjo cha filamu za kutisha. Nimekubaliana naye nusu. Sura inabaki, lakini mlango unabishwa alasiri, mbisha hodi anajitaja jina kabla hujaufikia, na hakuna panga mahali popote katika orodha ya silaha. Kwa kawaida gemu za zombi zimejaa mapanga. Yetu haitakuwa nayo.

The Last of Us, ya Naughty Dog, 2013, wengi mmeijua kupitia tamthilia ya HBO ya 2023. Kila mtu husimulia dakika zake za mwanzo, binti wa Joel akipigwa risasi na askari, si na mgonjwa. Mimi nawaonyesha mifereji ya maji machafu ya Pittsburgh. Kuna mtu anaitwa Ish ambaye hatumwoni hata mara moja. Tunaokota karatasi zake tu. Aliogopa watu, akajificha, kisha upweke ukamshinda, akakaribisha familia chini ya ardhi, kukawa na watoto, ratiba ya usafi, michoro ukutani, sheria za shule. Siku moja mlango uliachwa wazi. Tunakuta chumba kimoja kimefungwa, shuka limefunika miili midogo, na mtu mzima aliyebaki nao ameandika sakafuni kwamba hawakuteseka. Hakuna muziki wala mazungumzo ya kukuambia ulie. Kilichonichoma si shuka, ni ile ratiba ya usafi niliyoisoma dakika kumi kabla. Nikilinganisha na trela ya Dead Island, nyenzo ni zilezile, mtoto na kifo. Tofauti ni kwamba Ish alikuwa amejenga kitu, nami nilikuwa nimekitembelea.

Sehemu ya pili ilitoka Juni 2020, dunia ikiwa ndani kwa sababu ya korona, ikauza nakala zaidi ya milioni 4 kwa siku tatu za kwanza, na Metacritic ikajaa alama za sifuri kutoka kwa watu ambao wasingeweza kuwa wameimaliza. Humo, adui unayemuua ana jina, na mwenzake akimkuta chini analiita kwa sauti. Hata mbwa wana majina. Kisha gemu inakulazimisha umchukue Abby, yule uliyekuwa ukimchukia, na utembee na miguu yake kwa saa nyingi. Neil Druckmann na Halley Gross wameeleza kwamba hapo awali Ellie alimuua Abby mwishoni, wakabadili katikati ya kazi. Miaka 42 baada ya Romero, uamuzi uleule. Binafsi naona gemu imezidi urefu. Ilipofika Santa Barbara nilikuwa nimeshakufa ganzi, na kama Director wa Left 4 Dead angekuwa anapima, angekuwa amezima taa akaniambia nikanywe chai. Lakini majina yale sijayasahau.

Wiki hii nimeongeza safu moja kwenye jedwali la wahusika wetu. Kila zombi wa mtaa, na wako 40, ana jina na kazi aliyokuwa akiifanya: mama mboga wa kona, makanga, bawabu wa ghorofa ya pili. Kwa hifadhidata ni jambo la dakika tano. Kwa mchoraji wetu ni mwezi mzima wa kazi, naye ameshaninunia. Lililobaki mezani ni sauti. Wakishaugua, waendelee kutoa maneno ya Kiswahili au wanyamaze kabisa? Kura ni moja kwa moja, mimi nikitaka wanyamaze, na mwenzetu wa tatu amesema atajibu baada ya kusikia rekodi.